Idhini Haijibiwi na Shoga



Ndugu wasomaji, na hasa kina mama na mabinti zetu, wiki hii tunaiaga pwani kwa muda, tunapanda bara hadi Isiolo, kisha tunashika njia ya mashariki, tunaipita Garba Tulla na kuingia Sericho. Hii ni mojawapo ya wadi tatu za eneo bunge la Isiolo Kusini. Mbili nyingine ni Garba Tulla yenyewe na Kinna. Ni nchi tambarare, kavu, ya migunga na ngamia, na uhai wake umefungamana na mto Ewaso Nyiro, ambao huteremka kutoka nyanda za juu ukaenda kupotelea katika kinamasi cha Lorian. Wenyeji wengi ni Waborana wa Waso, jina walilolipata kwa mto huo. Ni Waislamu kwa vizazi kadhaa sasa, na binti wa huko hujifunika na kuhifadhi juzuu Amma kama binti wa Lamu au Mombasa.

Tumeichagua Sericho kwa sababu jambo tunalotaka kulizungumza, yaani binti aliyezama ndani ya shoga yake hata asijijue, huko linaonekana waziwazi kuliko mjini. Mjini urafiki wa wasichana ni mazungumzo na matembezi. Katika nchi kavu urafiki ni kazi. Maji hufuatwa, kuni hufuatwa, na njia ya kuni haiendwi na msichana peke yake. Mmoja hushusha ndoo, mwenzake hushika mtungi. Mmoja akiugua, mwenzake humchotea mama yake maji bila kuombwa. Kuanzia mwisho wa mwaka 2020 hadi 2022 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo katika kaskazini ya Kenya, na mifugo ikafa kwa wingi. Wakati kama huo, mwenye rafiki wa kweli alikula, na asiye naye alilala njaa. Kwa hiyo asije mtu wa pwani, mwenye mfereji ndani ya ua, akadhani urafiki wa mabinti wa Sericho ni mchezo wa kitoto unaopaswa kukoma siku ya posa.

Lugha yao wenyewe inalijua hilo. Waborana humwita rafiki jaala, na mapenzi huyaita jaalala. Sikio la mgeni halihitaji kamusi kusikia kwamba maneno hayo ni ya ukoo mmoja. Waswahili tumeyatenga: shoga ni shoga, mchumba ni mchumba. (Neno shoga watu wa siku hizi wamelitia maana nyingine, sisi tunalitumia kama walivyolitumia bibi zetu, mwanamke kwa mwanamke mwenziwe.) Lakini hata sisi hatuwezi kujifanya wageni wa mapenzi hayo. Mombasa ya zamani ilikuwa na vyama vya lelemama, Ibinaal Watan na Banu Saada vikiwa miongoni mwa vilivyovuma, na wanawake waligharimika pakubwa ili chama chao kisiaibishwe na wapinzani wao. Mwanamke alikuwa wa chama fulani kama alivyokuwa wa mtaa fulani. Kuwa wa wenzako ni neema. Mushkili huanza pale ambapo, ukiondolewa wenzako, hubaki na kitu.

Basi tuwachukue mabinti wawili wa Sericho. Hatuwapi majina, kwa kuwa wako wengi, na kila msomaji atawavika anayemjua. Wamezaliwa mwaka mmoja, wamesoma madrasa moja, ambayo huko huiita dugsi, na wamelala mkeka mmoja mara nyingi kuliko wanavyoweza kuhesabu. Wa kwanza ni mwepesi wa ulimi. Huamua waende njia ipi, wavae rangi gani siku ya Idi, nani anachekesha na nani anachosha. Wa pili hufuata. Hafuati kwa kuogopa. Hufuata kwa kupenda, na kwa kuwa ni raha kuwa na mtu anayejua daima la kufanya. Miaka inapita hivyo. Ukimwuliza wa pili jambo lolote, hujibu kwa wingi: sisi hatupendi somo lile, sisi hatumtaki yule, sisi tukimaliza shule tutakwenda Isiolo. Mama yake husikia ile sisi na kufurahi kwamba mwanawe ana mwenza mwema. Wala hakosei, mwenza ni mwema kweli.

Kisha anatokea kijana. Tuseme ni mfanyabiashara wa mbuzi, mtu wa kwenda na kurudi soko la Isiolo, mwenye adabu na mwenye nia ya kuoa. Wazee wake wanakwenda kwa wazee wa binti na kahawa mkononi, kama ilivyo heshima ya huko, na neno linapokewa. Wazazi wanakubali wachumba wazungumze kwa simu, wakijua wanachozungumza. Na hapo ndipo kinapotokea kisa ambacho tunaamini wasomaji wetu wengi, wa bara na wa pwani, watakitambua bila kuambiwa zaidi: ujumbe unaingia, binti anausoma, moyo unamwenda mbio, kisha anamkabidhi shoga yake simu. Nijibuje?

Shoga anajibu. Anajibu vizuri, maana yeye ni hodari. Kijana anacheka, anaandika tena, anajibiwa tena. Usiku wa pili anauliza, “Je, ungependa tukae hapa Sericho karibu na mama yako, au tupange nyumba mjini?” Shoga, ambaye roho yake iko mjini siku zote, anaandika: mjini. Binti mwenyewe amekaa pembeni, anatabasamu, anaona jibu limependeza. Haijampitia akilini kwamba aliyeulizwa ni yeye.

Wiki tatu baadaye kijana anakuja na shangazi yake. Binti analetwa barazani, yuko pamoja na mama na kaka yake, kama sheria inavyotaka. Kijana anatarajia yule mcheshi wa kwenye simu. Anamwuliza jambo dogo, na binti, kabla ya kufungua mdomo, anageuza macho mlangoni alikosimama shoga. Kijana anashangaa. Anaondoka na mashaka asiyoyaelewa, kwani kwa wiki tatu alikuwa akichumbia vidole vya mtu mwingine.

Sisi hatumlaumu shoga. Aliombwa msaada, akatoa kile alichojaliwa. Wala hatumlaumu binti kwa haya zake, kwani haya ni pambo. Tunasema tu kwamba posa ilimletea jambo ambalo dugsi, kisima na mkeka havikuwahi kumletea, nalo ni swali lisiloweza kujibiwa kwa sisi. Watu wengi huamini kwamba ndoa humpoteza binti, humtoa kwa wenziwe na kumfanya mke wa fulani. Huenda hivyo wakati mwingine, na tutafika huko. Lakini uchumba wa halali, wenye heshima na subira, una kazi nyingine isiyosemwa sana. Kwa mara ya kwanza yuko mtu asiyekujua tangu utotoni, asiyejua ulichokipenda jana, anayetaka kujua unakipenda nini. Hujui la kumjibu, na kule kutojua kunakutia uchungu. Uchungu huo ni mwanzo wa kujitambua.

Uzito wa swali hili umewekwa na dini yetu wenyewe. Mtume (S.A.W.) ameagiza binti aombwe idhini kabla ya kuozwa, na kwa kuijua haya ya bikira akaeleza kwamba kunyamaza kwake ni ridhaa. Khansa binti Khidham (R.A.), mwanamke aliyekuwa ameshaolewa kabla, aliozwa na baba yake bila kutaka, alipokwenda kulalamika, Mtume aliibatilisha ndoa ile. Na kisa cha Barira (R.A.) tunakipenda zaidi, kwa sababu ndani yake mna mapenzi na huzuni pamoja. Barira alikuwa mtumwa akaachwa huru, na uhuru wake ukampa haki ya kuchagua kubaki na mumewe Mughith au kuachana naye. Mughith alimpenda mno. Alimfuata njiani huku akilia mpaka ndevu zikalowa. Mtume (S.A.W.) alimhurumia, akamwambia Barira amrejee. Barira akauliza kama hiyo ni amri. Alipojibiwa kwamba ni uombezi tu, akasema hana haja naye, na hakulaumiwa. Fikirini: muombezi ni mbora wa viumbe, na bado jibu liliachwa kwa mwanamke mwenyewe. Ikiwa ni hivyo, shoga wa Sericho anapata wapi mamlaka ya kujibu?

Sheria ya nchi nayo inasimama upande huo huo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 45, inataka ndoa iwe kwa ridhaa ya hiari ya wahusika, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 imeweka umri wa miaka 18 kwenda juu. Tunayataja haya kwa ufupi kwa sababu ukame huwashawishi wazazi wengine kuharakisha posa, na binti wa miaka 15 hawezi kuwa amekwisha kuijua nafsi yake.

Sasa tunarudi pwani kidogo, kwa ajili ya mwanamke aliyewahi kuishika kalamu kwa niaba ya wengine, kama yule shoga alivyoishika simu, naye akalipa gharama kubwa. Ni Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, Unguja, binti wa Sultani Said bin Sultan. Wengi wetu tunalijua jina lake kwa sababu ya safari yake ya Ulaya. Wachache huzungumza juu ya urafiki uliotangulia safari hiyo.

Wakati huo wasichana hawakufundishwa kuandika, kusoma tu. Salme alijifundisha kwa siri, akinakili herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Baba yao alifariki mwaka 1856, na ndugu wakagawanyika: huyu upande wa Majid aliyekalia kiti cha Unguja, huyu upande wa Barghash aliyekitaka. Salme aliwapenda wote wawili. Lakini alikuwa na dada wa baba mmoja, Khole, mzuri wa sura na mwenye kuvuta watu, yule yule ambaye magofu ya nyumba yake yako Bungi hadi leo. Salme alimpenda Khole kupita kiasi, na Khole alikuwa wa Barghash. Hiyo ilitosha. Mwaka 1859, akiwa na umri wa miaka 15, Salme akawa mwandishi wa njama za kumwondoa Majid, kwa kuwa alijua kuandika. Ilipofika siku, Barghash alitoroshwa katika nyumba aliyozingirwa akiwa amefunikwa nguo za kike, katikati ya dada zake. Mapigano yakafuata shambani Marseilles, Waingereza wakamsaidia Majid, na Barghash akapelekwa Bombay.

Salme ameyaeleza haya mwenyewe katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1886. Tunayasoma kwa huruma, kwani anaonekana binti asiye na ugomvi wowote na kaka yake Majid. Alichagua upande kwa sababu Khole alikuwa huko. Majid alimsamehe. Baadaye, Salme alipokuwa akiishi Bububu, Majid alimwomba amwachie balozi wa Kiingereza nyumba ile, naye akakubali. Khole alilichukulia jambo hilo kuwa usaliti, na urafiki ukavunjika. Salme akahamia mjini akiwa hana mama, hana baba, hana Khole. Nyumba aliyoipata ilipakana na ya mfanyabiashara mmoja wa Kijerumani, Heinrich Ruete.

Yaliyofuata yanajulikana. Mwezi Agosti 1866 aliondoka Unguja katika manowari ya Kiingereza kwenda Aden. Huko, mwaka 1867, akabatizwa, akaolewa, akaitwa Emily Ruete, na kutoka hapo akaenda Hamburg. Hatuliandiki jambo la kuiacha dini yake kwa kulifurahia, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye yaliyomo nyoyoni. Mwaka 1870 mumewe alifariki kwa ajali ya tramu, akabaki mjane na watoto watatu katika nchi ambayo mapenzi peke yake ndiyo yaliyomfikisha. Alikuja Unguja mwaka 1885, na Barghash, ambaye aliwahi kumwandikia barua za njama, wala hakukubali kuonana naye. Alikuja tena mwaka 1888.

Hukumu yetu ni hii, na msomaji anaweza kuikataa: Salme hakuharibiwa na mapenzi. Aliyaingia mapenzi akiwa hajapata nafasi ya kuwa mtu peke yake. Alitoka kivuli cha Khole akaingia kivuli cha Ruete bila kusimama juani katikati, hata jina likabadilika lote, la kwanza na la mwisho. Na aliposhika kalamu tena, pamoja na kile kitabu, aliandika barua nyingi ndefu za kusimulia maisha yake ya Ujerumani. Amemwandikia nani? Rafiki wa kike aliyebaki Unguja, asiyetajwa jina.

Hapa tunataka mabinti watazame jambo moja ambalo wamelizoea mpaka hawalioni. Mwanamke wa Kiislamu haachi jina la baba yake anapoolewa. Aisha alibaki binti Abi Bakr, Hafsa akabaki binti Umar, nao walikuwa wake wa Mtume (S.A.W.). Vivyo hivyo binti wa Kiborana hubeba jina la baba yake mpaka kaburini. Majirani watamwita mama wa fulani, kama tunavyoitana huku, lakini hilo ni la heshima. Mahari ni yake, mali yake ni yake, na jina ni lake. Mapenzi ya halali yamepangwa hivyo kwamba mtu aingie akiwa mzima na abaki mzima.

Desturi ya Waborana inaongeza lake. Kabila lao limegawanyika pande mbili kubwa, Sabbo na Gona, na kwa asili mtu wa Sabbo huoa Gona, na wa Gona huoa Sabbo. Rafiki anaweza kuwa wa upande wako, binti wa ami yako, mliyefanana hata kwa kucheka. Mchumba sharti atoke ng'ambo. Mtu wa ng'ambo hakamilishi sentensi yako, kwa hiyo unalazimika kuimaliza mwenyewe.

Na iko nyumba. Kwa jadi ya huko, nyumba ni mali ya mwanamke. Yeye ndiye hupinda miti, hutandika mikeka, huifungua siku ya kuhama na kuipakia juu ya ngamia. Mke kwa Kiborana huitwa hadha mana, mama wa nyumba. Siku hizi mabati yameingia Sericho kama yalivyoingia kila mahali, lakini fikra haijafutika. Anapoolewa binti, wanawake hukusanyika kumjengea, na mashoga zake wakiwamo. Tunaliona hilo kuwa jambo zito. Wale wale waliolala naye mkeka mmoja huibeba kwa mikono yao miti ya nyumba ambayo, ikishasimama, hawataiingia tena bila kupiga hodi. Ndani yake atapanga gorfa zake, vile vibuyu vya maziwa vilivyosukwa kwa nyuzi, upande anaoutaka yeye. Mara ya kwanza atavipanga kama alivyovipanga mama yake, au kama shoga alivyosema vinapendeza. Baada ya mwezi mmoja utavikuta pengine kabisa.

Mume naye ana wajibu hapa. Tumewahi kuona wanaume wanaofurahi kumpata mke asiye na rai, wakadhani ndio utiifu. Huyo amerithi tu mfuasi wa mtu mwingine, na siku atakapopatikana wa kumvuta zaidi, atavutwa. Kijana wetu wa mbuzi, kama ana busara, hatakata tamaa siku ile ya barazani. Atauliza tena, pole pole, mambo madogo. Chai unaipenda na sukari nyingi au kidogo? Binti atataka kujibu nyingi, kwa kuwa ndivyo wanavyoinywa yeye na mwenzake tangu utotoni. Kisha atanyamaza, na kugundua kwamba hajawahi kuipenda tamu namna ile. Linachekesha, lakini mtu aliyekosa kuijua chai yake atajuaje kama anataka kuishi Isiolo au Sericho?

Kina mama wenzetu, msifikiri kwamba dawa ni kumtenga binti na shoga yake. Tumeyaona matunda ya hayo: binti huenda kwa mume akiwa hana mtu hata mmoja wa kumwambia kwamba anapigwa. Rafiki mwema ni ngao. Somo zuri liko kwa Salman al-Farisi na Abu Dardaa (R.A.), waliofungishwa udugu na Mtume (S.A.W.) huko Madina. Salman alikwenda kumtembelea nduguye, akamkuta mkewe, Ummu Dardaa, amejiacha, hajipambi. Alipouliza, akaambiwa kwamba Abu Dardaa hana haja na dunia. Usiku Abu Dardaa akataka kusimama kuswali, Salman akamwambia alale. Akataka tena, akamwambia alale. Mpaka usiku ulipokaribia kwisha ndipo wakasimama pamoja. Akamkumbusha kwamba Mola wake ana haki juu yake, na nafsi yake ina haki, na ahali yake wana haki, basi ampe kila mwenye haki haki yake. Mtume akasema Salman amesema kweli. Rafiki huyo alitumia nguvu za urafiki kumrudisha mwenzake kwa mkewe na kwa nafsi yake. Hakumvuta kwake.

Shoga wa Sericho anaweza kuyafanya hayo kwa jambo dogo: kuirudisha simu. Aseme, “Jibu mwenyewe, nami nitakaa hapa.” Maneno ya binti yatakuwa mafupi, pengine yasipendeze. Yatakuwa yake. Na baada ya nikahi, anapokwenda kumtazama, asimwulize ya chumbani, maana Mtume (S.A.W.) amekemea vikali kuzitoa nje siri za mke na mume. Watabaki na mengi ya kuzungumza.

Tumemsemea bibi harusi kiasi cha kutosha. Aliyesahauliwa ni huyu mwingine, yule mwepesi wa ulimi. Harusini hakuna anayemtazama. Amebeba mikeka, amepaka mwenzake hina, ameimba kuliko wote, na jioni amerudi kwao peke yake. Watu humwambia kwa mzaha kwamba zamu yake inakuja. Hawajui kwamba hata yeye alikuwa akiishi ndani ya mtu: aliyezoea kuongoza hamjui aliye ndani yake mpaka akose wa kumfuata. Atazungumza na nani usiku? Ucheshi wake wote ulikuwa na msikilizaji mmoja. Wengine huugeuza upweke huo kuwa hasira, wakaanza kumsengenya mume wa mwenzao. Wengine hukimbilia posa ya kwanza ijayo, wapate tu kujaza nafasi. Mama mwenye macho atamkaribisha binti huyu jikoni kwake wiki hizo, hata kama si wake wa kumzaa, atampa kazi ya kufanya na atamwacha aseme.

Nasi tunamfikiria asubuhi ya kwanza anapokwenda kisimani bila mwenziwe. Anafika pale njia inapogawanyika, ile ndefu inayopita penye migunga na ile fupi inayokata uwanjani. Miaka yote walipita ndefu, kwa amri yake mwenyewe, kwa sababu aliona mwenzake hupenda kivuli. Mwenzake naye aliipita kwa kudhani yeye ndiye anayekipenda. Anasimama hapo na mtungi wake kwa muda, kisha anashika njia fupi.